Siku ya Kwanza Mara Thelathini: Historia ya Kuacha Fegi, kwa Watu wa Garissa

Kuna swali ambalo kila mvutaji wa Garissa ashawahi kuulizwa, kawaida mwezi wa Ramadhan, na kawaida na mtu ambaye hajawahi kuvuta hata moja: "Si umekaa tangu alfajiri bila fegi na hukufa? Sasa mbona huachi kabisa?"

Swali linauma kwa sababu linaonekana lina akili. Hapa kwetu karibu na ikweta, saumu ni zaidi ya saa 13, kila siku, mwezi mzima. Mtu anakaa bila maji, bila chakula, bila sigara, kwenye joto la Garissa ambalo mnalijua. Halafu magharibi ikiadhiniwa: tende moja, maji, fegi. Wengine fegi inatangulia tende. Watu wakiona hivyo wanafunga kesi hapo hapo. Huyu hana nia. Huyu imani yake ndogo.

Mimi napinga hiyo hukumu, na sio kwa huruma. Naipinga kwa historia. Niliacha chuo lakini sikuacha kusoma, na hii mada nimeisoma sana kwa sababu wasee wa rika langu, miaka 21, 22, wananiuliza kila mara: nitumie njia gani niache? Jibu la mtaa huwa moja tu: kaza roho. Hilo jibu lina zaidi ya miaka 400. Tuangalie limefika wapi.

Enzi ya amri

Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu kizima cha kuitukana tumbaku mwaka 1604, halafu akapandisha ushuru wake juu sana. Waingereza wakaendelea kuvuta. Mwaka 1633, Sultan Murad wa Nne pale Istanbul akapiga marufuku tumbaku na kufunga mikahawa, na waliokamatwa wakivuta waliuawa. Nisomee hiyo tena: waliuawa. Na bado kuna watu walivuta kwa siri. Murad alikufa 1640, na miaka michache baadaye marufuku ikaondolewa. Leo Uturuki inajulikana kwa sigara kuliko nchi nyingi.

Usidhani hiyo ni historia ya mbali. Sayyid Mohamed Abdille Hassan, yule kiongozi wa Madarwishi ambaye Wasomali wote tunamjua kwa mashairi na vita, alirudi Berbera kutoka Makka miaka ya 1890 akiwa mfuasi wa tariqa ya Salihiya. Moja ya vitu alivyohubiri ni kuacha miraa na tumbaku. Watu wengi wa Berbera walimkataa, akaondoka mjini akaenda kutafuta wafuasi bara. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1983, Siad Barre akapiga marufuku miraa Somalia nzima. Mwaka 2006, Mahakama za Kiislamu zilipotawala Mogadishu, nao wakaipiga marufuku. Leo ndege za miraa kutoka Kenya zinatua Mogadishu.

Sisemi sheria hazina kazi. Ushuru na marufuku ya kuvuta hadharani hupunguza wavutaji wapya, na nitarudi kwa sheria ya Kenya. Ninachosema ni kwamba hawa wote, mfalme, sultan, sheikh na jenerali, walikuwa na dhana moja: mvutaji ni mtu mkaidi, kwa hivyo mtishe au mwaibishe. Hakuna aliyeuliza ni nini kinaendelea ndani ya mwili wake.

Enzi ya kujua

Hatua ya pili ilikuwa ya madaktari. Mwaka 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha utafiti wao kutoka hospitali za London, ukionyesha kwamba saratani ya mapafu inafuatana na sigara. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji. Alipoona matokeo yake, akaacha. Mwaka 1951 wakawaandikia barua madaktari wa Uingereza, zaidi ya 40,000 wakajibu, na wakafuatiliwa kwa miaka 50.

Matokeo ya mwisho yalitoka 2004, na kama uko chini ya miaka 25 haya ndiyo ya kukariri. Madaktari wanaume walioendelea kuvuta walikufa kama miaka 10 mapema kuliko wale ambao hawakuwahi kuvuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia kama miaka 3. Aliyeacha akiwa na 50, kama miaka 6. Aliyeacha akiwa na 40, kama miaka 9. Na aliyeacha akiwa na 30, karibu miaka yote 10. Kwa hivyo wewe wa 22 hujachelewa. Una muda ambao baba zetu hawakuwa nao.

Lakini hapa watu wengi wanakosea. Walidhani mtu akijua tu, ataacha. Marekani, ripoti kubwa ya daktari mkuu wa serikali ilitoka 1964 na kila gazeti likaandika. Wengi waliacha, ni kweli. Lakini mamilioni walijua na wakaendelea, na wakabaki wanaitwa wajinga. Ilichukua hadi 1988 kwa ofisi hiyo hiyo kusema wazi kwamba nikotini ni kitu cha uraibu, na kwamba inavyomshika mtu inafanana na heroini na kokeini. Hiyo ni 1988, walaal. Miaka 384 baada ya kijitabu cha James.

Na kampuni zilipigana na neno hilo "uraibu" kwa nguvu zote. Tarehe 14 Aprili 1994, wakuu 7 wa kampuni za sigara za Marekani walikaa mbele ya kamati ya Bunge, wameapa, mmoja baada ya mwingine wakasema hawaamini kwamba nikotini inaleta uraibu. Unajua kwa nini neno hilo liliwatisha? Kwa sababu mtu akiwa na uraibu anahitaji matibabu. Akiwa hana nia, ni shida yake mwenyewe. Kila tukimwambia jamaa pale Soko Mugdi kwamba shida yake ni nia tu, tunarudia utetezi wa wale wakuu 7 bila kulipwa.

Enzi ya kusikiliza mwili

Njia zinazosaidia kweli zilipatikana na watu waliouliza swali tofauti: huyu mtu anatafuta nini hasa ndani ya huo moshi?

Ya kwanza ilitoka baharini. Miaka ya 1960 huko Sweden, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund waligundua kwamba wanamaji wa nyambizi, ambao hawangeweza kuvuta wakiwa chini ya maji, walikuwa wanahamia kwenye tumbaku ya kutafuna, na inawatuliza. Moshi hawakuukosa. Nikotini ndiyo waliyoikosa. Mwaka 1967 wakamwandikia Ove Fernö, mkemia wa kampuni moja ya dawa kule Helsingborg. Fernö akatengeneza chingamu yenye nikotini kidogo, bila lami na bila moshi. Ilianza kuuzwa Uswisi mwaka 1978.

Ya pili ilitoka shambani. Watu wanaovuna majani mabichi ya tumbaku huwa wanapata kizunguzungu na kutapika, kwa sababu nikotini inapita kwenye ngozi. Kenya tuna mashamba hayo, kule Migori kwa mfano. Huko California, Murray Jarvik na Jed Rose wakajiuliza: kama ngozi inapitisha, si tuitumie? Wakajipaka tumbaku kwenye ngozi zao wenyewe kujaribu. Hapo ndipo plasta ya nikotini ilipoanzia, na miaka ya mwanzo ya 1990 ikawa kwenye maduka ya dawa Marekani.

Ya tatu ilitoka kwenye mti. Vita vya Pili vya Dunia tumbaku ilipokosekana, kuna askari Ulaya waliovuta majani ya mti wa laburnum. Ndani ya mti huo kuna kitu kinaitwa sitisini, ambacho kinakaa kwenye vile vipokezi vya ubongo ambavyo nikotini hukaa. Bulgaria wakakifanya kidonge mwaka 1964. Miaka mingi baadaye, wanasayansi wa Pfizer wakafuata muundo huo wakatengeneza vareniklini, iliyoidhinishwa 2006. Kazi yake ni mbili: inatuliza hamu, na ukivuta juu yake, fegi haikupi ile raha.

Na kuna bupropioni, ambayo ilikuwa dawa ya sonona. Wagonjwa walioitumia walijikuta hawana hamu ya sigara kama zamani, ikajaribiwa, na 1997 ikaidhinishwa Marekani kwa kuacha kuvuta.

Zinasaidia kiasi gani? Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 8,000 katika nchi nyingi. Kati ya kila watu 100 waliopewa vareniklini, kama 22 walikuwa bado hawajavuta hadi wiki ya 24. Plasta na bupropioni, kama 16. Waliopewa dawa bandia, kama 9, na hao nao walikuwa wanapata ushauri. Anayeacha kavukavu, bila dawa wala mtu wa kuongea naye, tafiti zinasema ni 3 hadi 5 tu kati ya 100 ambao miezi 6 hadi 12 baadaye hawajarudi.

Angalia hizo namba vizuri, kwa pande zote mbili. Msaada unaweza kuzidisha nafasi yako mara kadhaa. Na hata dawa bora kabisa, wengi walianguka. Kwa hivyo ukianguka, umefanya kama wengi waliojaribu. Unajipanga upya.

Sasa turudi kwenye saumu

Nikotini haikai sana mwilini. Kila baada ya saa kama 2, nusu yake inakuwa imeondoka kwenye damu. Arosto inaanza baada ya masaa machache: hasira bila sababu, kichwa, kukosa umakini. Inapanda hadi kilele siku ya pili au ya tatu. Baada ya hapo inashuka taratibu, na kwa watu wengi ikifika wiki ya tatu au ya nne, ile kali imeisha.

Sasa piga hesabu ya mvutaji wa Ramadhan. Anaanza arosto asubuhi. Alasiri iko juu. Magharibi anavuta, na usiku anaendelea, pengine amekaa kwenye mafrishi na miraa mkononi, na mnajua miraa na fegi zinavyovutana. Daku anamalizia na ya mwisho. Kesho asubuhi anaanza upya kutoka sifuri. Hajawahi kufika siku ya tatu. Hajaacha kwa siku 30. Ameishi siku ya kwanza mara 30.

Kwa hivyo yule anayemcheka ameigeuza hesabu. Huyu jamaa amevumilia mwanzo wa arosto mara 30 kwa mwezi, bila dawa, akiwa na kiu na njaa. Nia anayo kuliko wengi wetu. Abti yangu mmoja amekuwa hivi kila Ramadhan tangu nijue kuhesabu, na sijawahi kuona mtu mwenye roho ngumu kama yake. Kitu ambacho hakuwahi kupewa ni njia ya kuvuka usiku.

Ramadhan inakupa tarehe, na tarehe ni kitu kikubwa. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2016, watu karibu 700, uliolinganisha wanaopunguza kidogo kidogo na wanaoacha kwa siku moja. Wote walipewa plasta na ushauri. Baada ya wiki 4, wa siku moja walikuwa 49 kwa 100 bado wameacha, wa kupunguza 39. Kwa hivyo kuchagua siku na kukata kunafanya kazi vizuri zaidi. Na sisi tuna mwezi mzima ambapo jamii yote imebadilisha ratiba, mchana hakuna anayekupa fegi, na msikiti umejaa. Watu wa Sweden hawana hiyo. Kinachobaki ni kujaza ile nafasi ya kuanzia magharibi hadi daku.

Hapa ndipo uchaguzi wa njia unaingia. Plasta inabandikwa kwenye ngozi na inatoa nikotini polepole mchana kutwa. Je, inafunguza? Mwaka 1997, Majma' ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliziweka plasta za dawa za kwenye ngozi katika orodha ya vitu visivyoharibu saumu. Muulize sheikh wako pia, lakini ujue swali hili liliulizwa na wanazuoni zamani. Chingamu ni ya baada ya futari. Na usiitafune kama PK! Unatafuna polepole hadi usikie ukali, unaiweka kati ya shavu na fizi, unasubiri, unarudia. Ukiimeza haraka haraka, nikotini inaenda tumboni, unapata kwikwi na unasema haifanyi kazi. Plasta ya mchana pamoja na chingamu ya usiku inasaidia zaidi kuliko moja peke yake. Vareniklini na bupropioni ni za kuandikiwa na daktari, sio za kununua kwa kukisia.

Na mafrishi? Hapa sina dawa ya kukupa. Kama fegi zako zote za usiku zinavutwa pale, wiki 4 za kwanza usiende. Kaeni nje kwingine, chai ipo.

Kenya imetupa nini

Sigara sio mgeni hapa. British American Tobacco iko Kenya tangu 1907. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulipata asilimia 11.6 ya watu wazima wanatumia tumbaku, kama watu milioni 2.5. Kenya iliridhia mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, ikapitisha sheria yake 2007. Sheria hiyo inakataza kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10. Sasa nenda duka lolote la bulla yako uulize kama wanauza moja moja. Fegi moja ndiyo mlango ambao watoto wa shule wanaingilia.

Kanuni za 2014, zenye picha za onyo na mchango wa asilimia 2 kutoka kwa kampuni, zilipelekwa mahakamani na BAT, na kesi ikaisha Mahakama ya Juu Novemba 2019, kampuni ikashindwa. Mwaka huo huo vikaja vifuko vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo, vinaitwa Lyft. Vilikuwa vimesajiliwa kama dawa. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ikasema usajili huo haukufuata sheria, vikaondolewa sokoni. Mwaka 2022 vikarudi na jina jipya, Velo.

Nataja hili kwa sababu wadogo zetu wanaambiwa hivyo vifuko ni njia ya kuacha. Tofauti iko hapa: plasta ina ratiba ya kushuka, kawaida wiki 8 hadi 12, halafu unamaliza. Kifuko chenye ladha ya matunda hakina siku ya kumaliza. Biashara yake ni wewe urudi kesho. Na kuna wanaoweka hivyo vifuko ambao hawakuwa wanavuta kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku Julai 2024. Unapendekeza zile dawa nilizotaja, pamoja na mtu wa kuongea naye. Unasema pia zaidi ya asilimia 60 ya watumiaji wa tumbaku duniani wanataka kuacha. Hapa Kenya, NACADA wana namba 1192, ni bure. Ukipiga huongei na polisi, unaongea na mshauri.

Maoni yangu basi ni haya. Chagua usiku mmoja, uwe wa kwanza wa Ramadhan au Alhamisi ijayo. Kabla ya usiku huo, nenda duka la dawa uulize plasta na chingamu, uulize bei, na useme kama una ugonjwa wa moyo au unatumia dawa nyingine. Mwambie mtu mmoja nyumbani. Lengo lako la kwanza liwe dogo: siku ya nne. Ukifika siku ya nne umepita mahali ambapo Ramadhan zako zote zilizopita hazikufika.

Na kama wewe huvuti lakini una abti, adeer au kaka anayevuta, msimu huu punguza hotuba. Mnunulie plasta ya wiki ya kwanza, umpelekee baada ya tarawehe, mkae naye.